Bahari Iliyokuwa Bado Mbichi

Mama aliyenifundisha kuchora kwa rangi za mafuta alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwao Zombo. Mwanawe alinipigia simu nikiwa hapa Mikumi, mbele ya picha ya bahari tuliyoianza pamoja. Niligusa kona yake. Rangi ilikuwa bado inanata. Nikakaa chini, nikalia.

Wasomaji wa Kilosa na Mikumi mnazijua kazi zake hata kama yeye hamkumjua. Maandishi ya kwenye vibanda vya vinyozi, vya mama lishe na vya wauza mbegu, mengi ni ya mkono wake. Kisha yakaja mabango ya plastiki yanayochapwa Morogoro. Unaagiza asubuhi, unatundika jioni. Hakuyatukana. Alisema tu kwamba mashine haichoki, ila haijui mwenye duka anachekaje. Akageukia picha za tembo za kuwauzia wageni wa hifadhi. Mimi hakunianzisha na tembo. “Tembo ukimkosea utamficha kwa majani,” aliniambia. “Maji yaliyotulia hayafichi kitu. Anza hapo.”

Bahari sijawahi kuiona. Nilichora maji mengi ya buluu, kisha nikaweka ukingo wa pili na miti yake, kama Mto Mkondoa. Mama akamwita jirani yake, muuza vitumbua.

“Njoo uone, mwanangu kaipatia bahari ng'ambo!”

Jirani akainamia picha. “Kumbe! Hapo ng'ambo si mjini Dumila?”

Walicheka hadi wakashikana mabega. Nami, niliye mgumu wa kucheka mbele za watu, nikacheka. “Haya, ifute Dumila yako,” mama akasema, akinipa kitambaa. Akanishika mkono: mstari wa mbali unyooke, rangi ipauke kuelekea angani, brashi ipite kwa mlalo bila kukandamiza. Kila nilipotaka kuongeza wimbi, alinizuia.

Ugonjwa ulipomzidi alirudi Zombo, akaniachia picha niimalizie. Aliposikia nimemaliza, akapiga simu.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Niletee bahari yangu.”

“Haijakauka, mama. Na kwa pikipiki, vumbi lote la njiani litaganda juu yake.”

“Litakuwa mchanga wa ufukweni. Ilete, mwanangu. Nataka kuiona.”

Nilimwomba anisubiri kidogo. Rangi za mafuta haziharakishwi, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo. Akasema, “Haya, tusubiri.” Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

Nilikwenda Zombo kuzika. Baada ya mazishi mwanawe aliniingiza chumbani, akanionyesha ukuta unaotazamana na kitanda. Palikuwa na msumari mpya. Mama ndiye aliyeagiza upigiliwe, siku ile ile tuliyozungumza, na jioni alikuwa akiulizia kama pikipiki imefika.

Tumezoea kusema subira huvuta heri. Yangu ilimwacha mama akitazama msumari. Nilidhani heshima ni kumpelekea kitu safi, kumbe yeye alitaka kukiona tu. Ndugu msomaji, kama yuko aliyekufundisha kazi, mpelekee ingali mbichi. Mwache aiguse, achafue vidole.