Triza Alivyofunga Kikao cha Setelaiti

Watu hudhani mambo ya setelaiti ni ya wenye suti. Basi mjue Triza Shiundu wa mtaa wa Lucky Summer, Nairobi, anayeuzia majirani intaneti kutoka kwa dishi moja juu ya paa. Mwaka jana kampuni ya ng'ambo yenye setelaiti ilimzimia hiyo dishi bila hata kumpigia simu. Aliposikia nchi zetu za Afrika Mashariki zinataka kurusha setelaiti yao wenyewe, alifurahi, mpaka akasoma sheria inayopendekezwa: watakaoruhusiwa kuuza ni kampuni kubwa pekee.

Akaenda kikao cha maoni ya wananchi Buruburu. Aliinua mkono mpaka ukachoka. Wakubwa waliongea wao kwa wao, kisha mwenyekiti akasema, "Muda umeisha. Hebu mama mmoja atufungie na maombi."

Mikutano yetu ndivyo ilivyo, mama hapewi swali, anapewa maombi. Lakini maombi yanakuja na maikrofoni, na Triza alifika mbele wa kwanza.

"Tufumbe macho. Baba, wanasema setelaiti ni yetu, halafu wanatufungia mlango. Lainisha moyo wa mwenyekiti aandike kwamba hata sisi wauzaji wadogo wa mtaa tutaunganishwa na kuruhusiwa kuuza."

"Mama, hayo si maombi," mwenyekiti akanong'ona.

"Bado naongea na Mungu, ngoja kidogo." Ukumbi ukacheka macho yakiwa yamefumbwa. "Na wote waseme?"

"Amina!" Hata mwenyekiti aliitikia, mazoea tu.

Triza hakurudisha maikrofoni. "Umesema amina, mkubwa. Sasa andika."

Alisimama hapo mpaka mwenyekiti akaandika.