Hatua Mbili za Ua Wetu

Sisi tuliokulia Mikelenge, mjini Kindu, enzi za Zaire hatukujua ukuta wenye vipande vya chupa juu. Ua ulikuwa jambo la kujadiliwa, na baba yangu alijadili wetu wiki tatu mpaka mama akachoka kumsikiliza.

Komini, serikali yetu ya mtaa, ilikuwa imeagiza kila lupango, yaani kila kiwanja cha nyumba, kizungushiwe ua. Jirani yetu Baba Ramazani alitaka mianzi iliyobanana. Baba alitaka miti iliyopasuliwa, ilazwe kati ya nguzo, iache mapengo. Asubuhi alikubali mianzi, jioni akaikataa. Mimi sikulala vizuri siku zile, maana Zaina, binti wa Baba Ramazani, ndiye alikuwa mwenzangu wa nzango, ule mchezo wetu wa kurukaruka na kurushiana miguu. Mianzi ingemfungia nje.

Mwishowe baba akasema, "Ramazani, ua yenye haipitishe salamu njo boloko," yaani ndio gereza. Na kwa kuwa shoka na kabari vilikuwa vyake, akashinda.

Nakumbuka harufu ya mti mbichi ukipasuka, na wali na sombe, yaani kisamvu, tuliokula tumekaa juu ya maganda. Lakini kamba ya mpaka, iliyofungwa kwenye vigingi, ilikata uwanja wetu wa nzango katikati! Ijumaa, wazee wakiwa msikitini, Zaina akang'oa kigingi cha kwanza. "Vuta na weye," akaninong'oneza. Tukavisogeza vyote hatua mbili kuingia kwao, uwanja ukabaki mzima upande wetu. Kesho yake Baba Ramazani aliitazama kamba kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Tuchimbe tu."

Zaina alipenya kati ya miti ile kila jioni. Mchwa wakala miti ya kulaza, lakini nguzo zilikuwa mbichi, zikachipua, zikawa miti mikubwa.

Mwaka huu kaka yangu na wana wa Zaina wamekubaliana kujenga ukuta. Wakagombana juu ya mpaka, na wazee wa mtaa wakaamua: wafuate miti, miti haidanganyi. Nilisikia kwa simu. Nikasafiri hadi Kindu nikasimama mbele yao wote, nikasema hatua mbili zile ni za kina Zaina.

Kaka akafyonya. Zaina, siku hizi anatembea na fimbo, akacheka mpaka akakohoa.

"Miye njo nilianza kuvuta! Baba yangu aliona, akanyamaza. Alinipenda, mzee yule." Akawageukia wanawe. "Hatua ile muchukue. Lakini muache mulango, miye nipite."

Walichukua hatua zao. Mlango hawakuuacha, wanasema wezi wamezidi, na labda ni kweli. Vijana wa leo ni hodari, wanajenga kwa siku nne kitu ambacho baba angekifikiria mwezi mzima. Wajukuu wetu wanaandikiana kwenye simu, huyu huku na yule kule, na hakuna anayejua mwenzake anarukaje.

Jioni kabla sijaondoka, Zaina aliniita kutoka upande wa pili. Nikainuka mbio, nikapapasa matofali mabichi, nikitafuta pa kupitisha hata mkono.