Bustani ya Kaku, Kapata

Agosti hii nimerudi tena Kolwezi. Ukiniuliza nilifuata kazi gani, sina jibu la maana. Wenzangu wa ofisini hapa Lubumbashi wakipata likizo hutafuta maji na mchanga wa kulalia. Mimi napakia begi, nashika barabara ya malori, vumbi jekundu linaingia hadi kwenye meno, na nikiviona vile vilima vya mawe ya mgodi moyo wangu unatulia. Wananicheka kila mwaka. Waache wacheke.

Nina mzunguko wangu, nao haubadiliki. Kwanza stesheni, ingawa siku hizi kuiona treni ni bahati. Nakaa kidogo pale tulipokuwa tunashukia, sisi watoto wa Kamina, baada ya kubadilisha treni Tenke na kulala juu ya mizigo ya watu. Kisha sokoni, kwa mama mmoja anayekaanga mikate, ile midogo ya duara, nami naila ikiwa bado inaunguza vidole. Hapo nakisikia Kiswahili cha utoto wangu, kile ambacho mwalimu wetu alikipiga mistari ya kalamu nyekundu. Vijana wachimbaji kutoka kila pembe ya nchi wamejaa, buti zina tope, wanabishana juu ya mpira. Soko lina kelele kuliko zamani, na mimi kelele hizo nazipenda.

Halafu naenda Kapata, na hapo ndugu yangu utanivumilia, maana hapo sina haraka.

Kapata ni makazi ya wafanyakazi wa mgodi wa enzi zile, nje kidogo ya mji. Nyumba zimepangwa mistari, zote sura moja, kiasi kwamba mgeni akitoka chooni anaweza kuingia kwa watu wengine na kukaa mezani. Ndiko alikoishi bibi yangu. Tulimwita Kaku, kama watu wa Kasai wanavyowaita bibi zao. Babu aliletwa kutoka Kasai akiwa kijana, akafanya kazi mgodini mpaka mwisho wake, akamwachia Kaku nyumba ya vyumba viwili na bustani ya nyuma. Kila likizo kubwa, kiangazi kikiwa na baridi ya asubuhi inayokufanya uone pumzi yako, mimi nilipelekwa kwake.

Nilikipenda king'ora cha mgodi kilichotuamsha, moshi wa makaa, na mwiko wa Kaku ukigonga sufuria ya bukari, ugali wetu. Nilimwagilia matuta kwa kopo lililotobolewa kwa msumari. Alipanda mchicha wa lengalenga, vitunguu vya majani, na mihogo pembeni kwa ajili ya sombe, mboga ya majani yake. Bustani hiyo ndiyo iliyotulisha. Alfajiri alikata mafungu, akayapeleka sokoni, akarudi na unga. Siku ambayo hakukata, sufuria ilikaa imefunikwa.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mtoto hakuliuliza. Katika miaka mibaya, watu wenye asili ya Kasai waliambiwa na wenyeji warudi kwao, na Kaku, aliyezaa watoto wake wote Kapata, alifunga mizigo akapanda treni. Alirudi baada ya miaka kadhaa. Nyumba aliikuta, lakini kitu ndani yake kilikuwa kimevunjika. Aliwasalimia majirani kupitia juu ya ua wa fito, kwa adabu zote, na basi. Hakuwaomba hata chumvi. Zamani alikuwa kwenye likelemba ya wanawake wa mstari wetu: Jumamosi hii wote wanakwenda na majembe kulima kwa mmoja, Jumamosi ijayo kwa mwingine, mpaka mzunguko utimie. Tangu arudi, hakukanyaga tena huko.

Nilikuwa na miaka tisa nilipomharibia bustani. Lori lilikuwa limemwaga lundo la mchanga kona ya barabara, wa kufyatulia matofali. Ulikuwa mchanga wa mabaki, ule unaobaki madini yakishaoshwa, laini kama unga uliochekechwa. Watoto wote wa Kapata walijua kwamba hauoteshi hata jani. Mimi nilitoka Kamina, ambako ardhi yetu ni ya kichanga na mihogo hunenepa humo bila kubembelezwa. Kaku alilalamikia kila siku ule udongo wake mwekundu, mgumu, unaomvunja mgongo. Basi siku moja alipokwenda kwenye mkutano wa akina mama wa parokia, nilichukua beseni. Nilibeba asubuhi nzima. Nilitandaza mchanga juu ya matuta yote, nikauchanganya kwa vidole hadi kwenye mizizi, nikamwagilia maji mengi. Nilijiona mtu mzima kabisa.

Kaku aliporudi alipiga magoti akaanza kukwangua mchanga kwa mikono miwili, lakini maji yalikuwa yamekwisha kuuzamisha. Ndani ya wiki moja majani yaligeuka manjano, kisha yakalala chini.

Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga. Alikaa kwenye kizingiti, akaongea kama anayejisemea mwenyewe.

"Mi nimechoka. Nitafunga bitu yangu nirudie ku Kasai. Kule hakuna mutu mwenye ataniuliza mi natoka wapi."

Akaishusha valizi, sanduku lake la safari, kutoka juu ya kabati, akaipangusa vumbi. Hapo nilielewa. Kaku akiondoka, Kolwezi yangu yote inaondoka naye, stesheni, mikate, king'ora, kila kitu, na aliyesababisha ni mimi na beseni langu. Nililia hadi nikapata kwikwi. Kisha nikafanya jambo ambalo hakuna aliyeniruhusu: nilipita chini ya ua, nikaenda kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa mama aliyetoka Musumba, kule Kapanga, na kwa hiyo wote walimwita Mama wa Musumba. Nilimweleza yote.

"Ile muchanga ya pale kona?" akauliza. "Mu matuta yote?"

Alicheka akashikilia ua. Nilipofika kwenye habari ya valizi, kicheko kilikatika.

"Rudia ku nyumba, mama. Usimuambie kitu," aliniambia; kwetu hata msichana mdogo huitwa mama.

Jumamosi asubuhi, jua halijapata nguvu, nilisikia vyuma vikigongana nje. Wanawake wa mstari mzima walikuwa wamesimama kwenye geti letu, majembe begani, beseni kichwani.

"Mama," alisema Mama wa Musumba, "leo ni siku yako."

"Siku yangu ya nini?" Kaku hakufungua. "Mi nilitoka mu likelemba zamani."

"Nani alikutosha inje? Ni weye njo ulibakia mu nyumba. Kila ikizunguka, jina yako tunaiita. Haukukuja, tunapita ku mwingine. Leo tumeiita, na hatutapita."

Kaku aliwatazama mmoja mmoja, majembe na beseni zao. Halafu akafungua.

Waliukwangua ule mchanga wakautupa mbali, wakachimba chini mpaka udongo ukabadilika rangi. Kwenye beseni zao walikuwa wamebeba kila mmoja alichonacho: udongo wa kichuguu, majivu, mbolea ya kuku. Kaku alisimama pembeni, mikono kifuani, kama mgeni kwake. Ghafla akashindwa kuvumilia.

"Si vile! Munaharibu mistari! Lete hiyo jembe!"

Wote wakaangua kicheko, na yeye akiwemo. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka na watu wasio wa damu yake. Jumamosi iliyofuata aliniamsha gizani, jembe lake begani, twende tukalime kwa wengine. Valizi ikawa ya kuhifadhia mahindi ya mbegu.

Leo king'ora kimenyamaza. Nyumba tatu za mstari wetu zimebomolewa, na wanawake wale wengi wao wamekwenda. Nayakosa yote hayo, sitakudanganya. Lakini nyuma ya nyumba ya Kaku matuta yapo. Amepanga hapo kijana mchimbaji, na mkewe aliniambia kwamba walikuwa hawajamaliza hata mwezi walipobishiwa hodi na wanawake wa mstari Jumamosi moja, akaulizwa kama ana jembe.

Mahali pangu pa mwisho ni makaburini. Kaku alifia Kolwezi akiwa mzee sana. Siku ya kilio, mjomba aliyefika kutoka Kasai aliuliza mbele ya watu kwa nini hatumpeleki akazikwe kwao. Sisi wa familia tulitazamana, kila mmoja anangoja mwenzake. Mama wa Musumba alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na jeneza, macho yake yakiwa hayaoni vizuri tena. Yeye hakungoja mtu.

"Mumupeleke wapi, baba? Kwabo ni hapa."