Siku Gari la Jeshi Liliposhushwa kwa Kamba

Sisi tuliokulia Somanga kabla lami haijatufikia tulikuwa na hofu nyingi, na karibu zote tulizipenda. Tuliogopa fimbo ya mwalimu wa zamu, nyoka wa kwenye mikorosho, na kurudi nyumbani na kidumu cha maji kilichopasuka. Jioni tulicheza rede na kombolela mpaka miguu ikawa rangi moja na barabara, kisha tukala ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, huku tukitishana kwa hadithi za majini, tumekaa kwa kubanana. Watoto wa siku hizi vitisho wanavitazama kwenye simu, kila mmoja na chaja yake. Sisi tulitishana kwa zamu, na aliyeogopa sana alikuwa na bega la kuegemea.

Lakini hofu ninayotaka kuwaeleza leo haikuwa ya kuchezea.

Baba na mdogo wake, ambaye tulimwita Baba Mdogo, walikuwa wakulima wa korosho. Walichoka kusubiri malori ya watu kila msimu, magunia yakinyeshewa kando ya barabara. Basi walipopata nafasi, Baba alikwenda Dar es Salaam kwenye mnada wa magari yaliyostaafu jeshini, akanunua lori. Habari zilifika kabla ya gari. Bibi yetu, mama yake Baba, alisema gari la namna hiyo limebeba maiti, na halitaingia kwenye eneo lake bila kufukizwa ubani na kusomewa dua. Sisi watoto tulikubaliana kwamba mojawapo ya vitufe vyake lazima ni cha bomu, na kwa kuwa hakuna aliyejua ni kipi, hapana kugusa hata kimoja.

Hofu ya Mama haikuwa ya bomu wala maiti. Baba hakuwa dereva. Alijifunza kuendesha kwenye trekta la mtu, shambani, kusiko na mteremko.

"Gari hilo likinitia eda," Mama alimwambia Baba Mdogo akisonga ugali, "wewe na nduguyo mtajua wenyewe."

"Shemeji, unamwombea mumeo kifo kwa ajili ya chuma?"

"Ninakwambia kabla. Baadaye nitakuwa nalia, sitaweza kusema."

Gari lilikuja asubuhi moja ya kiangazi, limepandishwa juu ya semi-trela tupu lililokuwa likishuka kusini kufuata mizigo. Dereva wa semi hilo aliitwa Issa, mtu wa Mtanda, mjini Lindi. Tulitoka mbio kulitazama, na tulipolifikia tukasimama mbali. Lilikuwa la kijani iliyokolea, matairi yake yakituzidi kimo, na taa zake zimefungwa vyuma kama mdomo wa mbwa mkali. Halikuwa na hata tundu la ufunguo. Lilikuwa na swichi tu, jambo lililothibitisha habari ya bomu.

Sasa nieleze kidogo, maana wengi wetu tuliona magari yakipita tu, hatukuyaona yakishushwa. Semi lile halikuwa na ngazi ya kuteremshia gari. Issa alilirudisha nyuma mpaka likagusa kingo ya udongo kando ya barabara, mahali ambapo ardhi ililingana na bodi yake. Pengo likazibwa kwa mbao nene. Lori lilikuwa limetazama nyuma, kwa hiyo lingetoka kwa pua, lipite juu ya mbao, lisimame kwenye kingo. Baada ya kingo kulikuwa na mteremko mrefu, na chini ya mteremko shamba la mihogo la Mama.

Shida ilikuwa betri. Zilikuwa zimekufa njiani.

"Ngojeni niwape moto kutoka kwenye betri zangu," Issa alisema. "Liwake kwanza, ndipo litembee."

Lakini wavutaji walikwisha kufika. Kwetu, mashua ikihitaji kupandishwa au kushushwa ufukweni, mwenye nayo huita watu, hupika ubwabwa, na watu huja na mabega yao. Watu wakishajipanga kwenye kamba huwaambii wakae wangoje. Na wanaume wale, ambao wangesita kuligusa gari, kamba waliijua.

"Halina moto ndiyo nini?" Baba Mdogo alisema. "Kwani mashua ina moto?"

"Bwana mkubwa, mimi dereva," Issa alijibu. "Ya mashua siyajui. Hili ni gari."

"Basi leo utayajua."

Watu wakacheka. Kamba ikafungwa mbele ya lori, ikanyooshwa kuteremka mlima. Baba akapanda kwenye usukani, amevaa kofia yake ya Ijumaa. Minyororo ikafunguliwa, mawe yakatolewa chini ya matairi.

Kamba ya mashua ina adabu zake. Wavutaji huipitisha begani, wakaupa mgongo mzigo wanaouvuta. Mbele yao hutembea mwimbishaji, kinyumenyume, akiwatazama. Akiita, wanaitika na kuvuta. Akinyamaza, kila mtu hukaza papo hapo na kushikilia, maana kimya ni dalili kwamba kuna jambo, na kamba ikilegea mtu ataumia. Hakuna anayeachia mpaka asikie neno moja: tua. Siku ile mwimbishaji alikuwa Baba Mdogo.

Akaita. Wakaitika. Lori likalia kwenye mbao, likatikisika, likatoka. Likapanda kwenye kingo kwa taratibu, na sisi tukapiga makofi. Kisha magurudumu ya mbele yakaingia kwenye mteremko.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa, na nalieleza polepole kwa sababu nimeliwaza miaka mingi. Mashua husimama watu wakiacha kuvuta. Gari kwenye mteremko halijali kama mnavuta au mmeacha. Na breki za lori lile zilikuwa za upepo, upepo wenyewe unatengenezwa na injini, na injini haikuwa imewaka. Nilimwona Baba akikanyaga. Nilimwona akikanyaga tena, mwili mzima ukiinuka kwenye kiti, uso wake umekuwa wa mtu nisiyemjua. Ni sawa na kukanyaga maji.

Kamba ikalegea. Wanaume wakadhani ni nguvu zao, wakaongeza mwendo na kucheka. Hawakuona kitu, migongo yao ndiyo ilikuwa inatazamana na chuma. Aliyeona ni Baba Mdogo. Alifungua mdomo aite, sauti isitoke. Akanyamaza.

Na kwa kuwa alinyamaza, wanaume wote wakakaza miguu, wakasimama, wakashikilia.

Mpaka leo nikisikia ukimya wa ghafla mahali penye watu wengi, hugeuka kutazama nyuma yangu. Nasikia yale matairi yakisaga changarawe. Namwona babu wa jirani aliyekuwa wa mwisho kwenye kamba, aliye karibu zaidi na gari, ametulia na macho yake chini, mtiifu, akingoja neno.

"Tua!"

Ilikuwa sauti ya Mama. Alikuwa kando, na sufuria ya ubwabwa kichwani. Wanawake kwetu hawavuti mashua, lakini kila siku wanakaa ufukweni kungoja samaki, na neno wanalijua. Kamba ikaanguka chini kwa pamoja kama iliyokatwa. Hakuna aliyeuliza ni nani amesema. Walipotua ndipo walipogeuka, na walipogeuka waliruka pande mbili. Lori likapita katikati yao na Baba ndani yake, likashuka, likaingia kwenye mihogo. Matuta yale aliyoyainua Mama kwa jembe lake yakalipokea, moja likamegeka, la pili likamegeka, mpaka lori likazama pua na kutulia.

Mama alifika wa kwanza. Baba alikuwa bado ameshika usukani, kofia imemwangukia miguuni.

"Mihogo yako, Mama Zuhura," alisema, akimwita kwa jina langu.

"Mihogo italimwa. Shuka."

Mchana ule ubwabwa uliliwa kwanza. Kisha Issa, bila kumsimanga mtu, akaanza upya. Aliweka mawe mbele na nyuma ya matairi. Akapima mafuta ya injini, akajaza maji kwenye rejeta. Akamwonyesha Baba pampu ndogo ya mkono ya kutoa hewa kwenye njia ya dizeli, akamwacha aipige mwenyewe. Akaunganisha nyaya kutoka kwenye betri za semi, akahakikisha gia iko huru, ndipo akasema, "Washa." Lori likakohoa, likatoa moshi mweusi, likanguruma. Tulikimbia mpaka msikitini, kwa hofu ya bomu. Bibi hakukimbia. Alisimama na chetezo chake akisoma.

"Sasa usiende popote," Issa alimwambia Baba. "Tazama huu mshale wa upepo. Ukiwa chini, huna breki. Ngoja upande. Upepo ukijaa, jaribu mguu, ndipo mtoe mawe."

Baba aliungoja mshale kama mtu anayengoja kufuturu.

Tangu siku ile neno upepo likawa la nyumbani kwetu. Nilipokwenda kusoma mbali, nilipoolewa, nilipofungua duka, Baba aliniuliza lile lile: "Una upepo?" Nilijua ananiuliza kama nimejiandaa kusimama, kabla sijaanza kwenda.

Mwaka huu Bakari, mtoto wa kaka yangu, amenunua lori kama lile, la kubebea mazao kutoka Kikole. Nilikwenda kulipokea. Lilikuja juu ya trela lenye ngazi za chuma zinazoshuka zenyewe kwa kubonyezwa. Hakukuwa na kamba, ubwabwa wala dua. Watu wawili walitosha.

"Lina upepo?" nilimwuliza.

"Shangazi, usijipe presha. Tazama." Mshale ulikuwa juu. Amefundishwa vizuri, na nilimwambia hivyo.

Lori lilipoanza kuteremka, vijana walikuja mbio na simu zao. Wakasimama mbele yake, wakaligeuzia mgongo, wakainua simu ili wao na gari watokee pamoja. Wanacheka. Migongo yao, na ile pua ya kijani ikishuka nyuma yao.

Nilipiga kelele kabla sijafikiri. "Tua!"

Hakuna aliyegeuka. Hakuna hata mmoja anayelijua neno lile. Bakari alikanyaga breki, gari likapumua kwa sauti, likasimama palepale, na wao wakaendelea kupiga picha.

Nilishukuru. Kisha nikakaa kwenye jiwe la barabarani, na nikatamani Mama angekuwepo.