Chumvi ya Barabarani

Kule Michigan barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi hiyo, bila haya, hula bati la gari. Ndiyo maana kila majira ya baridi Duane Kivela alilifungia gerejini gari lake, Chevrolet la mwaka hamsini na saba, mpaka mvua za kwanza zioshe lami. Hapo mkewe, Arlys, alikuwa akiinama barabarani, anapangusa lami kwa kidole, anakilamba.

"Chumvi imeisha, mzee. Toa hilo dude lako twende!"

Wakapanga kuhamia Arizona kwenye joto, waliendeshe mwaka mzima. Nyumba ilipokwisha kununuliwa, saratani ikamchukua Arlys. Duane akahama peke yake.

Sasa ni Januari, jua linawaka, na gari halijatoka tangu lishushwe kwenye lori la kuhamia.

"We babu, hilo gari au maiti, mbona umelifunika shuka?" jirani yake Rosalba akamtania. "Jua lote hili, unangoja nini?"

Duane alitoka hadi barabarani, akapiga magoti kwa taabu, akapangusa lami, akalamba kidole. Vumbi tupu.

Akabaki palepale, magoti chini, akingoja aambiwe alitoe dude lake.