Kitambaa Juu ya Televisheni

Tangu nikiwa darasa la tano nimekuwa nikisema kwamba sikuigusa televisheni ya baba. Nimelisema hilo mbele ya baba mwenyewe, mbele ya mama, mbele ya majirani waliokuja kutoa pole kana kwamba tumefiwa, na nimelirudia nikiwa mtu mzima mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea. Leo naandika: niliigusa. Tena niliigusa kwa mapenzi.

Tuliokulia Old Kampala siku zile tunaijua ile saa ya alasiri, jua limelegea juu ya mabati, vumbi la kwepena bado liko magotini, na harufu ya kabalagala, vile vikeki vya ndizi vya kukaanga, inatoka jikoni kwa jirani. Mpira wetu wa kwepena ulikuwa wa majani makavu ya migomba. Ukikupiga mgongoni ulitoa sauti laini, pu, kama mtu anayefunga kitabu, na hapo ulikuwa umetoka mchezoni. Hatukuwa na saa. Muda tuliujua kwa mama: akiita mara ya kwanza, bado; akiita kwa majina yako yote mawili, mchezo umekwisha. Tuliosha miguu kwa maji ya birika, tukaingia ndani, na pale kwenye kona ya ukuta wa kijani alikuwa amekaa mgeni wetu wa heshima, televisheni.

Baba alikuwa dereva wa lori, na aliileta kutoka safari ya Mombasa. Ilikuja imevaa nailoni ya kiwandani, na nailoni ile haikutolewa. Kwetu kitu kipya hakikuvuliwa nguo. Makochi yalikuwa na nailoni iliyotushika mapaja wakati wa joto na kutuachia kwa kelele za aibu. Godoro la wageni lilikuwa na nailoni, na mgeni akigeuka usingizini nyumba nzima ilijua. Nailoni ndiyo iliyothibitisha kwamba kitu bado ni kipya na kwamba watu wa nyumba hii wanajua kutunza. Juu ya ile ya televisheni mama aliweka kitambaa alichokitarizi kwa mkono, maua mekundu na ya njano, kama bibi alivyomfundisha.

Wakati wa kutazama tulipandisha vyote viwili kama pazia. Matangazo yakiisha, kaka yangu Ramadhani, aliyenizidi miaka mitatu, aliweka kiganja nyuma ya lile sanduku, akafumba macho, akasema, "Ngojeni. Bado inapumua." Mpaka ipoe ndipo aliporuhusu ifunikwe. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa na bisibisi moja tu, ya baba, na kwa bisibisi hiyo alikuwa amekwisha kufungua redio, pasi na saa ya ukutani, akavirudisha vyote, na mara nyingi hakuna skrubu iliyobaki mkononi.

Siku mbili kabla ya Idi aliifungua televisheni kukaza waya. Siku ya Idi yenyewe aliiwasha mapema, sauti chini, mwanga ameupunguza mpaka kioo kikawa cheusi, ili ipate moto polepole kabla matangazo hayajaanza. Kisha akatoka nje. Mimi nilikuwa nimevaa gauni jipya la waridi lenye mkanda nyuma, na wageni wa mama walikuwa wanavua viatu mlangoni. Nikageuka, nikaiona televisheni iko uchi mbele za watu. Nilidhani imezimwa. Nikashusha nailoni, nikatandaza kitambaa, nikasawazisha kona zote nne, maua yakautazama mlango. Nikarudi nyuma hatua mbili kujisifu. Pilau ikaletwa.

Harufu ya kwanza wageni walisema ni vitunguu vimeungua. Mama akakasirika. Harufu ya pili haikuhitaji mjadala: moshi ulikuwa unatoka chini ya maua ya kitambaa.

Kesi ilichukua muda mfupi. Nani aliifungua juzi? Ramadhani. Nani huifunika kila siku? Ramadhani. Baba hakumchapa, na labda kumchapa kungekuwa afadhali. Alichukua bisibisi, akaifungia kwenye sanduku la vifaa la lori, akasema, "Mikono yako haifai kwa vitu vya watu." Kisha akanigeukia. "Na wewe?" Nikasema, "Mimi sikugusa." Ilitoka kirahisi, kama kumeza mate. Ramadhani alinitazama gauni, akatazama chini.

Hakushika tena bisibisi katika nyumba ile. Leo anauza samaki soko la Ggaba, kando ya ziwa, na wenye boti humletea injini zao azisikilize. Huzisikiliza tu, bure, mikono mfukoni, kisha anawaambia wapeleke kwa fundi na wamwambie fundi nini.

Sasa nije kwa binti yangu Salma, maana ndiye aliyeyafufua haya. Vijana wa leo hawachezi mpaka wajenge kwanza uwanja. Sisi tulihitaji majani ya migomba. Yeye alihitaji prosesa, kadi ya picha, pawa saplai na sanduku la kioo linalowaka taa za rangi kama duka la keki. Alikusanya vifaa vya kompyuta mwaka mzima, kimoja kimoja, akaviunga mwenyewe kwenye meza yangu ya kulia, kwa sababu anataka kujifunza kutengeneza michezo, sio kucheza tu. Hivyo ndivyo anavyosema, na namwamini nusu. Nilimsaidia. Aliniachia kazi ya heshima, kukaza skrubu nne za feni kubwa ya kupooza prosesa, yenye mapezi ya chuma juu na bati la shaba chini, wakati yeye anapanga nyaya.

Kompyuta iliwaka, tukapiga vigelegele. Mchezo ukaanza, na baada ya dakika chache kioo kikawa cheusi, kompyuta ikazima. Ikawa hivyo siku nne. Salma alifuta programu zote akaziweka upya. Alijaribu vijiti vya memori kimoja baada ya kingine. Akabadilisha soketi, akaulaumu umeme wa mtaa, akaazima pawa saplai ya rafiki. Vijana wa kundi lake la simu wakamwandikia, "Sista, ungenunua tu iliyokwisha kuungwa." Jana baada ya chai niliona anarudisha vifaa kwenye maboksi yake.

"Narudisha dukani, Mama. Wamuuzie mtu anayejua. Labda mikono yangu haifai."

Nikaweka kikombe chini. Sentensi ile niliiacha sebuleni Old Kampala, na sasa ilikuwa imekaa mezani kwangu, na safari hii hakuna aliyemwambia mtoto. Alikuwa amejiambia mwenyewe. Nilitaka kumsimulia habari za alasiri zile, jinsi kitu kikiharibika nyumba nzima ilikusanyika kukitazama, na siku hizi mtu huharibikiwa peke yake na kioo chake. Nikaona hotuba hiyo haitawasha kompyuta. Nikasema, "Mpigie mjomba wako."

Akaweka simu mezani, sauti juu. Nyuma ya kaka yangu soko zima lilikuwa linapiga kelele.

"Asalaam aleikum, Mjomba. Kompyuta yangu inazima nikicheza."

"Waaleikum salaam, mama. Ikizima, shika ile chuma ya feni. Ya moto?"

Salma akashika. "Hapana. Baridi kabisa."

"Baridi? Banange. Chini inaungua, juu baridi. Basi kuna kitu katikati kimezuia joto. Hiyo feni ulifunga wewe?"

Salma akanitazama. "Alifunga Mama."

Kisha kaka yangu akaanza kucheka, kicheko cha zamani, cha mtu ambaye hakubakiwa na skrubu hata moja mkononi.

"Mwulize," akasema. "Nailoni ametoa?"

Nikakumbuka karatasi laini ya nailoni chini ya lile bati la shaba, iliyobana vizuri, bila mkunjo, na maandishi mekundu ambayo sikuyasoma kwa sababu miwani ilikuwa chumbani na kitu kilikuwa kipya.

Nikaisogelea simu. "Sikuitoa. Na ile nyingine, kaka, niliifunika mimi."

"Ile najua."

"Tangu lini?"

"Siku ileile. Kona zote nne zilikuwa sawa, maua yameangalia mlango. Mimi lini niliwahi kusawazisha kona?"

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na gauni jipya. Nani anamponza mtu siku ya gauni jipya? Haya, toeni hiyo nailoni, nina wateja."

Salma alikuwa ameshashika bisibisi.