Pikipiki Iliyolala Nasi Silanga

Kila wanapokata nyasi kando ya barabara kwa zile mashine za kubeba begani, mimi husimama. Ni ule moshi wa samawati, wa petroli iliyochanganywa na oili. Wengine huziba pua. Mimi huwa nimesharudi Silanga, mtaa wetu wa mabanda jijini, kwenye chumba chetu kimoja, ambamo tulilala watu watatu, Baba, Mama na mimi Mwende, pamoja na pikipiki.

Ilikuwa ile nyepesi ya porini, ya zamani, tairi zenye meno, madigadi ya mbele imeinuliwa juu. Baba aliinunua kwao Kitui kwa afisa wa mifugo aliyestaafu. Alituambia kwamba pikipiki za namna hiyo ndizo zilizofikisha chanjo, makatekista na machifu mahali ambapo gari liligeuza. Uzito wake ulikuwa mdogo hata Baba aliweza kuivusha kizingiti peke yake kila jioni. Mama alilalamika kwamba ameletewa mke mwenza ndani, tena anayelishwa vizuri kumliko yeye.

Na kweli chakula chake kilikuwa na masharti. Injini ile ilitaka oili ichanganywe na petroli yenyewe, la sivyo ingejisaga. Baba alichanganya kwenye chupa ya juisi, akaitikisa, akainusa, kisha akarudia maneno yale yale: mvua zikiisha twende nyumbani, azunguke masoko ya Kitui akiuza dawa za mifugo, aachane na mjengo. Mjengo ulikuwa unammaliza. Alirudi na simenti masikioni, amechoka hata kuongea, lakini chupa lazima angeitikisa.

Mvua hazikuwa zimeisha Mama aliposhikwa na uchungu wa kuzaa. Baba alikuwa kazini, ambako hakuipeleka pikipiki kwa kuogopa wezi. Kwa bahati Anko Mutua, ndugu yake Mama, alikuwa ametutembelea. Yeye alikuwa bodaboda wa kituo kiitwacho Kongo, kule Kawangware, na siku hiyo pikipiki yake ilikuwa kwa fundi. Hakuna gari lililoweza kushuka Silanga kwa yale matope. Anko akaiwasha ya Baba, Mama akapanda, jirani akamshika kwa nyuma, wakaelekea kliniki ya Kawangware. Iliupanda ule mlima wa matope kama mbuzi. Nilipiga makofi.

Jioni Anko alirudi akiisukuma, amelowa chapachapa. Baba alikuwa mlangoni.

"Shem, imegoma. Mama Mwende nimemfikisha poa, lakini nikirudi ikashika, ikakataa kabisa."

"Uliweka nini kwa tangi?"

"Petroli tu, shem. Kama ya boda yangu."

Boda za siku hizi hazichanganyiwi kitu, na habari za chupa hakuna aliyemwambia. Baba aliishika breki, akaiachilia.

"Na mtoto?"

"Ni msichana. Wako sawa wote."

"Basi. Hakuna shida. Ingia unywe chai."

Mtoto tulimwita Syombua, kwa ajili ya ile mvua. Mafundi waliikagua injini, wakatikisa vichwa. Vipuri vyake havikuwa vikiletwa tena. Habari za kurudi Kitui hazikutajwa tena. Baba aliendelea na mjengo miaka yote hiyo, mpaka mgongo ukakataa. Siku hizi hukaa kitandani akiitazama pikipiki, nayo iko pale pale, na Syombua, aliye sekondari sasa, huanika soksi zake kwenye usukani.

Mimi ile "hakuna shida" niliiamini. Nilikua nikijua kwamba Baba yetu ni mtu wa moyo mwepesi, asiyeumizwa na kitu. Juzi nilikwenda kumkanda mgongo, nikamuuliza kama aliwahi kuijutia pikipiki na ile safari ya Kitui.

Aligeuza kichwa polepole, akatazama mlangoni, ambako Syombua alikuwa akifua.

"Mwende," aliniambia kwa sauti ya chini, "hayo usiyaulize mtoto akiwa karibu."

Nikaendelea kumkanda.